Habari Isiyochapwa

Serikali ikifungia gazeti, nchi nzima inajua. Tarehe inabaki, tamko la waziri linabaki, na jina la gazeti linatajwa kila Mei 3 wanahabari wanapokutana kuadhimisha siku yao. Watanzania tunakumbuka Septemba 2013, Mwananchi lilipofungiwa siku 14 na Mtanzania siku 90. Tunakumbuka 2017, mwaka ambao Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima yaliangushiwa rungu moja baada ya jingine, na tunakumbuka Februari 2022, baadhi yake yaliporudishiwa leseni. Wakenya nao wana usiku wao wa Machi 2006, askari waliofunika nyuso walipovamia The Standard, wakachoma magazeti na kuzima matangazo ya KTN, na waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, akajibu kwamba anayemchokoza nyoka ajiandae kuumwa. Wana pia 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park na runinga za Citizen, NTV na KTN zikazimwa.

Sasa jiulize: katika miaka hiyohiyo, ni habari ngapi zilikufa kwa sababu benki fulani, kampuni ya simu, kiwanda cha bia au mwenye gazeti mwenyewe hakuzipenda? Hakuna tamko wala tarehe. Mwandishi ameandika, mhariri amesoma, simu imepigwa kutoka ghorofa ya juu, na asubuhi nafasi ile imejazwa picha ya mbio za hisani. Vijana wa dawati la habari wana msemo wao: stori imepigwa chini. Msomaji ananunua nakala yake, anaisoma hadi ukurasa wa michezo, anaikunja na kuondoka akiamini amepata habari za siku. Hilo ndilo linalonisumbua. Aliyeibiwa hajui kwamba ameibiwa.

Uongo ukichapwa una mahali pa kushikiwa. Una maneno, una jina la aliyeandika, unaweza kukanushwa kesho au kupelekwa Baraza la Habari. Kimya hakishikiki. Huwezi kudai masahihisho ya habari ambayo haikutoka. Ndiyo maana sheria zetu, zinazojitahidi (au zinazojidai kujitahidi) kumlinda mwandishi dhidi ya dola, hazina la kusema mbele ya mwenye gazeti. Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 ni miongoni mwa vifungu vizuri vya aina yake katika ukanda huu: kinaikataza dola kuingilia vyombo vya habari, na kinataka hata chombo cha kuvisimamia kisishikwe na serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Lakini mmiliki akimpigia simu mhariri anayemlipa mshahara, katiba haimo katika mazungumzo hayo.

Kipo kisa ambacho kimya cha namna hiyo kilitakiwa, kikakataliwa, na kwa bahati kila kitu kikaonekana hadharani. Kinaihusu kampuni ambayo wazee wa Dar es Salaam na Nairobi hawahitaji kutambulishwa kwayo: Lonrho.

Ilianzishwa London mwaka 1909 kwa ajili ya migodi na ardhi ya Rhodesia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliingia mikononi mwa Roland Rowland, maarufu kama Tiny, akaigeuza kuwa dubwana la biashara barani Afrika: migodi, mashamba, magari, bomba la mafuta, na magazeti. Mwaka 1967 ilinunua kampuni iliyomiliki East African Standard la Nairobi na The Standard la Dar es Salaam. Mwaka 1973 Edward Heath, Waziri Mkuu wa Uingereza na kiongozi wa chama ambacho hakijawahi kuuchukia ubepari, alisimama bungeni akaitaja Lonrho kuwa sura ya ubepari isiyopendeza wala kukubalika. Mwaka 1978 Tanzania ilizitwaa mali zake ikiituhumu kushirikiana na utawala wa walowezi wa Rhodesia.

Mwaka 1981 kampuni hiyo ikanunua The Observer, gazeti la Jumapili la London lililoanza kuchapwa mwaka 1791. Waingereza waliiona hatari. Wakaweka sharti kwamba wawepo wakurugenzi huru, watu wasio wa Rowland, wa kusimama kati ya mwenye mali na mhariri wake.

Aprili 1984 mhariri huyo, Donald Trelford, alikwenda Zimbabwe kumhoji Waziri Mkuu Robert Mugabe. Akiwa huko alipata fununu za yanayotendeka Matabeleland. Eneo lilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje, na Brigedi ya Tano, iliyofunzwa na Wakorea Kaskazini, ilikuwa ikiwaua, kuwatesa na kuwanyima chakula wanavijiji, wengi wao Wandebele. (Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa mauaji yote ya Gukurahundi ni watu 20,000.) Trelford akaingia huko kwa siri, akawasikiliza watu usiku, akarudi London na kuandika aliyoyasikia. Jumapili ya tarehe 15 Aprili gazeti likatoka na habari ile.

Rowland alichemka. Alimwandikia Mugabe kumwomba radhi. Alimkana mhariri wake hadharani. Aliondoa matangazo ya Lonrho kwenye gazeti alilolimiliki yeye mwenyewe, na akaanza mazungumzo ya kumuuzia mchapishaji Robert Maxwell gazeti hilo. Ukitaka kuielewa hasira hiyo, tazama hesabu zake. Kabla ya uhuru wa 1980 alikuwa amemfadhili Joshua Nkomo, mpinzani wa Mugabe, na aliyeshinda uchaguzi akawa Mugabe. Kampuni yenye dhahabu na ranchi nchini humo ilikuwa na sababu zote za kutafuta kusamehewa, na hapo ndipo gazeti lake lenyewe linapotangaza kwamba jeshi la mwenye nchi linaua watu.

Wakurugenzi huru walisimama na mhariri. Baada ya wiki kadhaa za kutupiana barua, Rowland na Trelford wakapatana, na Trelford akabaki kwenye kiti chake hadi 1993.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya shujaa na jambazi. Mimi nataka kwanza nimsikilize jambazi, maana hoja yake ndiyo inayosemwa hadi leo katika ofisi za wamiliki wa vyombo vya habari, kwa sauti ya chini na kwa adabu zaidi. Anasema hivi: gazeti ni langu. Nimelinunua kwa fedha yangu, na linapokula hasara mimi ndiye ninayeiziba. Faida inayoiziba hasara hiyo inatoka kwenye migodi na mashamba. Maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Waafrika, wanakula kwa biashara hizo. Nyinyi waandishi mnataka uhuru wa kuubomoa mgodi unaowalisha, kisha mwisho wa mwezi mje dirishani kuchukua mshahara. Uhuru gani huo usio na gharama kwa anayeutumia?

Hoja hiyo si ya kipuuzi. Mwandishi anayeidharau hajawahi kuketi kwenye kikao kinachojadili bei ya karatasi. Ina kasoro moja tu, na kasoro hiyo ni kubwa kuliko hoja yenyewe.

Muuza nyama anamiliki bucha, kisu, mizani na ng'ombe. Kilo haimiliki. Siku Wakala wa Vipimo watakapomkuta ameichezea mizani, hawezi kujitetea kwamba mizani ni mali yake aliyoinunua kwa jasho lake. Soko zima litamcheka. Kilo ni ya watu wote, hata wale ambao hawatanunua kwake kamwe, na ni kwa sababu watu wote wanaiamini ndiyo maana yeye anaweza kuuza. Mwenye gazeti naye anamiliki jengo, mtambo, jina na madeni. Imani ya msomaji kwamba lililo kubwa leo ndilo lililowekwa mbele leo haikuwamo katika mkataba wa mauziano. Rowland alinunua vyote vilivyokuwa vikiuzwa. Alichomtaka Trelford akifiche kilikuwa cha watu wengine: cha msomaji wa London, na zaidi cha mwanakijiji wa Matabeleland aliyezungumza na mgeni usiku akijua kinachoweza kumpata kesho yake.

Na hapa nalazimika kwenda mbele kidogo, kwa sababu kampuni ileile na mhariri yuleyule walitupa mfano wa pili, mgumu zaidi.

Kwa miaka kadhaa Rowland alipigana na ndugu wa Al Fayed waliomshinda katika kulinunua duka la Harrods. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walichunguza ununuzi huo na kuandika ripoti iliyosema kwamba ndugu hao walidanganya kuhusu asili yao na utajiri wao. Serikali ikaikalia ripoti. Nakala ikavuja. Alhamisi ya 30 Machi 1989, The Observer, gazeti la Jumapili, likatoa toleo maalumu katikati ya wiki kueleza yaliyomo. Mahakama ikalizuia siku hiyohiyo, lakini nakala nyingi zilikuwa zimeshafika mikononi mwa watu.

Tafakari jambo hilo polepole. Ripoti ilikuwa ya kweli. Ilihusu umma. Serikali ilikuwa imeificha, na kuitoa ni kazi halali ya gazeti. Trelford mwenyewe aliitetea kwa hoja hizo. Kama tungepima kwa kigezo cha ukweli peke yake, 1989 ni ushujaa sawa na 1984. Hata hivyo nani asiyeona tofauti? Watu wa Matabeleland walikuwa wanakufa na mwenye gazeti akataka wasitajwe. Duka lilikuwa limempotea mwenye gazeti, na gazeti la Jumapili likatoka Alhamisi.

Kwangu mimi somo la 1989 ni zito kuliko la 1984. Tumezoea kufikiri kwamba maadili ya chumba cha habari ni kusema kweli, basi. Lakini siku moja ina kweli nyingi kuliko kurasa za gazeti. Kila toleo ni uchaguzi: hii mbele, ile ndani, ile nyingine kesho, ile isiandikwe kabisa. Anayeshika uchaguzi huo anaweza kutosema uongo hata mara moja maisha yake yote na bado akatutengenezea ulimwengu usiokuwapo, ulimwengu ambao makosa yote ni ya washindani wake. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalijua hilo bila kufundishwa. Wakiona gazeti limemkalia kooni mfanyabiashara fulani wiki tatu mfululizo, swali la kwanza kijiweni haliwi kama habari ni ya kweli. Wanauliza: huyu kagombana na nani?

Turudi kwenye mizani, kwa sababu mfano ule una mahali unapovunjika, na hapo pana jambo la maana. Muuza nyama ana mkaguzi, na mkaguzi ni serikali. Tukisema uaminifu wa gazeti ni mali ya umma kama kilo, mtu mwenye mantiki atatuuliza: basi mbona hamtaki serikali iukague?

Tanzania ilishawahi kulijaribu jibu hilo. Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha The Standard, likatoka mikononi mwa Lonrho. Sababu yake ilikuwa na uzito: gazeti kubwa la kila siku la nchi inayojenga ujamaa lisingeweza kuendelea kuwa mali ya kampuni ya London yenye mizizi Rhodesia. Wala hakutaka liwe kipaza sauti kitupu. Aliandika mwongozo uliochapwa siku hiyohiyo, ukiliruhusu gazeti kushiriki mijadala na kukosoa vitendo vya chama na serikali, mradi lisiyasaliti malengo ya taifa. Kwenye kiti cha mhariri mtendaji akamweka Frene Ginwala, mwana wa ANC kutoka Afrika Kusini, mwanamke mwenye akili kali na asiyeogopa mtu.

Ginwala aliuchukua mwongozo ule kama ulivyoandikwa. Mwaka 1971 Rais Nimeiri wa Sudan alinusurika mapinduzi na kuwanyonga viongozi wa kikomunisti. The Standard likaandika tahariri ya kumlaani. Kwa tahariri hiyo Ginwala akapoteza kazi. Mwaka uliofuata gazeti liliunganishwa na The Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News, na Benjamin Mkapa akawa mhariri wake. Ginwala alikuja kuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru.

Simlaumu Mwalimu kwa kulitwaa gazeti; angeliacha kwa Lonrho tungekuwa na malalamiko mengine. Ninachoona ni kwamba mhariri wa Dar es Salaam mwaka 1971 na mhariri wa London mwaka 1984 waligonga ukuta uleule. Mmoja mwenye gazeti wake alikuwa taifa lenye marafiki wa kidiplomasia, mwingine tajiri mwenye marafiki wa kibiashara. Kila mmoja aliambiwa yuko huru, na kila mmoja alikuwa huru hadi alipomgusa rafiki wa mwenye nyumba. Tofauti ya hatima zao haikutokana na ujasiri, maana wote walikuwa nao. Trelford alikuwa na watu wachache wenye mamlaka ya kisheria ya kumwambia mmiliki: hapana. Ginwala alikuwa na mwongozo mzuri wa maandishi, na aliyeuandika ndiye aliyekuwa mkubwa wake.

Siku hizi kuta hizo mbili zimekutana. Dola imegundua kwamba inaweza kuwa mteja, na mteja ana nguvu ambazo polisi hana. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliunda wakala mmoja wa kununua matangazo yote ya wizara na mashirika yake. Mwaka 2017 matangazo hayo yakaondolewa kwenye kurasa za magazeti ya kibiashara na kupelekwa kwenye kijarida cha serikali, MyGov. Mwaka 2024 kazi ya kukichapa na kukisambaza kijarida hicho ikapewa gazeti moja, The Star. Kwa miaka yote hiyo wenye vyombo wamekuwa wakilia kwamba serikali haijalipa hata matangazo waliyoyachapa zamani. Linganisha na usiku ule wa 2006. Hakuna aliyefunika uso, na hakuna gazeti lililochomwa. Mhasibu anapiga hesabu, anamwonyesha mkurugenzi, mkurugenzi anamwita mhariri, na mhariri ana wafanyakazi wa kuwalipa mwisho wa mwezi. Ukimuuliza kama uhuru wa habari upo atajibu upo, na hatakuwa amedanganya kisheria.

Kimya huanza kuzoeleka hapo. Mwanzoni simu hupigwa. Baadaye haina haja ya kupigwa, kwa sababu mhariri ameshajua zipi zitamletea simu. Mwishowe mwandishi naye ameshajua zipi mhariri hatazitaka, hivyo haendi kuzitafuta. Katika hatua hiyo hata mdhalimu hayupo. Kila mtu anaweza kuapa kwamba hajawahi kumzuia mtu kuandika. Januari 2016 Denis Galava, mhariri wa Nation Media Group, aliandika tahariri ya mwaka mpya iliyomtaka Rais Uhuru Kenyatta aamke, akafukuzwa kazi. Kampuni ilisema alikiuka utaratibu wa ndani. Huenda ni kweli. Lakini fikiria mhariri wa zamu wa wiki iliyofuata, akiwa mbele ya kompyuta yake saa nne usiku, ameufahamu utaratibu wa ndani kuliko wakati mwingine wowote. Machi 2018 waandishi wanane wa safu za maoni waliondoka kwa pamoja katika kampuni hiyo wakilalamika kwamba sauti huru zinabanwa.

Na tushuke chini, kwa korespondenti wa mkoani, kwa sababu tunapenda kumhukumu yeye kwanza. Anatuma habari na kulipwa kwa habari iliyotoka, malipo ambayo mara nyingi hayafikii nauli aliyotumia kuifuata, na huja yakiwa yamechelewa. Anaalikwa kwenye uzinduzi wa mradi. Mwishoni afisa uhusiano anapita na bahasha: nauli ya waandishi. Waandaaji wengi wa semina wameiweka kabisa kwenye bajeti, kati ya chai na ukumbi. Mabaraza ya habari yamelaani bahasha miaka nenda rudi, kanuni zimeandikwa, warsha zimefanyika (na kwenye warsha hizo, kwa kejeli ya mambo, washiriki husaini posho). Mimi sioni ajabu kwamba bahasha haijaisha. Mmiliki ambaye hamlipi mwandishi wake amekwishaamua nani amlipe. Anapomfukuza kwa kupokea mshiko, anamfukuza kwa kufuata mfumo alioujenga yeye, ambao kwenye ghorofa ya juu unaitwa ushirikiano wa kimkakati na mdhamini. Kiasi ndicho kinachotofautiana.

Watu hunijibu kwamba dawa ni kubadili aina ya umiliki, na wana mifano. Mwaka 1936 familia ya Scott huko Manchester iliachia umiliki wa gazeti la The Guardian na kuliweka chini ya amana isiyogawa faida kwa mtu. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa hilo; ni mwenendo wa wakfu, mali inayotolewa ili isiwe ya mtu tena na manufaa yake yaende kwenye kusudi lililotajwa. (Familia ya Scott iliogopa pia kodi ya urithi, maana wawili kati yao walikuwa wamefariki mwaka mmoja. Wema na hesabu vinaweza kukaa nyumba moja.) Na kwetu mwandishi Stan Katabalo alipoifichua kashfa ya vitalu vya uwindaji vya Loliondo mwaka 1993, aliandikia gazeti la Mfanyakazi, lililokuwa la jumuiya ya wafanyakazi. Sidhani ni bahati tupu kwamba habari hiyo haikuanzia kwenye gazeti la tajiri.

Lakini umiliki wa wakfu nao haumalizi kila kitu. Mwaka 1993 Lonrho iliwauzia The Observer watu walewale wa Guardian, na wengi waliona gazeti limefika nyumbani. Desemba 2024 bodi ikakubali kuliuza kwa kampuni changa, Tortoise Media, ingawa waandishi walikuwa wamegoma kupinga. Amana ilikuwa ileile. Hesabu zilikuwa zimebadilika.

Kwa hiyo siamini tena kwamba tutampata mmiliki asiye na maslahi. Hata msikiti unaochapa jarida una maslahi, hata chama cha wafanyakazi, hata mwandishi peke yake mwenye chaneli ya YouTube anayeishi kwa idadi ya watazamaji. Ninachoamini kinadaiwa kwa kila mmoja wao ni kidogo zaidi na kinawezekana: maslahi hayo yawe mahali ninapoyaona. Nikijua kwamba benki fulani ndiyo mtangazaji mkubwa wa gazeti langu, nitajua namna ya kusoma ukimya wake kuhusu benki hiyo, na nitajua pia thamani ya siku litakapouvunja ukimya huo. Wasomaji wa The Observer mwaka 1989 walilijua jina la mmiliki na ugomvi wake. Waliweza kuipokea ripoti ile na kumtilia shaka mletaji kwa wakati mmoja. Msomaji mwenye taarifa hiyo hadanganyiki kirahisi. Msomaji asiye nayo hana la kufanya hata akiwa profesa.

Kampuni za habari zilizo kwenye masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam tayari huchapa hesabu za mwaka. Wanahisa wanaambiwa mapato ya matangazo yamepanda au yameshuka. Msomaji haambiwi yametoka kwa nani. Ninaomba ukurasa mmoja kwa mwaka, mbele, kwa Kiswahili cha kawaida: hawa ndio watangazaji wetu kumi wakubwa, hiki ndicho tulicholipwa na serikali na taasisi zake, hizi ndizo biashara nyingine za wenye kampuni na ndugu zao wa karibu, hivi ndivyo tunavyomlipa korespondenti kwa habari moja. Hakuna sheria inayokataza kuuchapa. Haumgharimu mmiliki leseni, na hakuna waziri anayeweza kuuita uchochezi.

Watasema washindani wataitumia. Washindani wanaijua tayari. Idara za matangazo za mji mmoja hazifichani kitu. Anayefichwa ni mmoja tu.

Na huyo mmoja naye ana deni lake. Kila asubuhi magazeti yote ya nchi huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla muuza magazeti hajafungua meza yake, na anayeyazungusha hujiona amewasaidia watu. Wengine husimama mbele ya meza, wakasoma vichwa vyote vya habari, wakagombana kuhusu Simba na Yanga, wakaenda zao. Sina haki ya kumsimanga mwenye kipato kidogo. Namzungumzia mwenye uwezo, anayelalamika kwenye kila kikao kwamba waandishi wamenunuliwa, na ambaye tangu mwaka huu uanze hajanunua nakala hata moja.

Nunua gazeti moja wiki hii, lolote unaloliona lina afadhali. Kisha mwandikie mhariri wake umuulize swali moja: mwaka jana nani aliwalipa, na kiasi gani? Anwani iko ukurasa wa maoni, na barua za wasomaji bado zinapokelewa.